Bundi Aje, Shangazi Aende

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi wa mke wangu bado yupo. Alikuja kwa siku mbili kupimwa macho hospitalini. Macho yamepimwa. Miwani imepatikana. Shangazi hajaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Sasa nyuma ya nyumba kuna matuta ya vitunguu na mtaa mzima unamsifu.

Analala kwenye chumba changu cha kazi. Mimi ni fundi saa. Chumba kile kina dirisha linalotazama mlima, mwanga mzuri wa asubuhi, na meza niliyoichonga kwa mikono yangu. (Aliichonga Seremala, jirani yetu. Mimi nilisimama nikimwelekeza.) Sasa kazi naifanyia jikoni. Leo skrubu ya saa ya mkononi imetumbukia kwenye unga. Nimechekecha unga wote. Nimepata skrubu mbili. Ya pili sijui imetoka wapi.

Na mambo yenyewe ni mazito. Hakimu ameniletea saa ya ukutani ya marehemu baba yake, kubwa, ya kengele. Saa ya namna hiyo haifunguliwi kwenye meza ya kukatia nyanya. Hakimu kasema akiona nachelewa ataipeleka kwa Fundi wa Stendi, mtu ambaye ujuzi wake wote ni kubadilisha betri. Nikimpoteza Hakimu, wateja wote watamfuata. Lazima nirudi chumbani kwangu.

Jioni tukiwa mezani, ndege fulani akalia huko mlimani. Shangazi akaweka kijiko chini. Akauliza kama yule ni bundi. Akasema bundi ni uchuro, na siku atakayolia juu ya paa hili, kesho yake asubuhi yeye anafunga mizigo, kwani hakuja hapa kufa. Mke wangu akamtuliza kwamba ni kunguru tu. Nilitafuna polepole. Jamani, nina akili!

Jumanne, 4 Machi

Tatizo: sina bundi. Sijui anapatikana wapi, anakula nini, anaitwaje akaitika.

Mungu si Athumani! Mlangoni mwa maktaba pana tangazo: mafunzo ya bure kuhusu bundi na ndege wengine wa mlimani, kila Jumatano na Jumamosi alasiri. Anayefundisha ni ofisa misitu mstaafu. Watu humwita Bwana Misitu.

Nikamwambia mke wangu kesho naenda kujifunza ndege. Akasema tangu anioe, maana anasema yeye ndiye aliyenioa, sijawahi kumtofautisha jogoo na tetea mpaka atage. Uongo mtupu. Ilitokea mara moja tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Nimechana nywele kwa heshima ya elimu. Nani nimemkuta kiti cha mbele? Seremala! Na darubini shingoni.

Bwana Misitu ni mpole mno. Ameanza na tai, akaja kwa kipanga, akaja kwa chozi anayefyonza maua. Kisha hondohondo. Kumbe jike la hondohondo hujifungia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, na mume akabaki nje akimpitishia chakula kwenye ufa. Wote wakashangaa. Mimi sikushangaa. Mwanamke amekaa chumbani, mwanamume yuko nje na ndiye anayelisha. Namjua mume huyo.

Nimeuliza kuhusu bundi. Nimeuliza tena. Hatimaye Bwana Misitu akaeleza kwamba wapo wakubwa wenye masikio ya manyoya, hao hukaa majabalini, na wapo weupe wa uso wanaopenda mapaa na majengo ya watu. Hao weupe wanataka vitu viwili: panya wa kutosha na tundu tulivu. Nikatabasamu. Seremala akageuka akauliza mbele za watu kwa nini maswali yangu yote ni bundi, bundi. Nikasema ni mapenzi ya maumbile.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango una miguu miwili. Mguu wa kwanza, panya. Nimeondoa mitego yote stoo, nimemwaga mahindi nyuma ya chumba cha kazi. Karibuni.

Mguu wa pili, sanduku la kukalia bundi. Hapo sina budi kwenda kwa Seremala, maana nikishika msumeno huwa nashonwa hospitalini. Nikamwambia nataka sanduku la kuwekea mifagio. Nikataja vipimo alivyovisema Bwana Misitu. Seremala akasema mfagio hauingii kwenye tundu la ubavuni. Nikasema mifagio yangu ni mifupi. Akapima mbao huku akipiga mluzi. Sikuupenda ule mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi, Shangazi akiwa kwenye vitunguu vyake, nimelipachika sanduku chini ya ukingo wa paa, pembeni mwa dirisha la chumba cha kazi. Nimeanguka kutoka kwenye ngazi mara moja tu. Mke wangu kauliza ni nini. Nikasema ni la kupitisha hewa. Akasema, aha.

Hiyo aha ilikuwa na mkia. Alasiri navaa viatu, namkuta Shangazi mlangoni, kanga mpya, miwani mpya, mkoba kwapani. Mke wangu kaamua Shangazi anisindikize darasani! Anaamini kwamba huyo ndege ninayemfuata maktaba ana hereni na marashi. Nikasema Shangazi atachoka. Shangazi akasema amechoka na kukaa. Tumepita mtaa mzima kanishika mkono, anasalimia kila mtu.

Na somo la leo? Bundi! Siku zote za Mungu, leo! Bwana Misitu akaanza kuwaambia watu kwamba bundi haleti kifo wala mkosi, yeye shida yake ni panya tu. Nikamwona Shangazi anatikisa kichwa kukubali. Nikaona chumba changu kinayoyoma.

Nikasimama. Nikautetea uchuro! Nikasema wazee hawakuwa wajinga. Nikasema bibi yangu mzaa baba alimsikia bundi, na akafa. Bwana Misitu, kwa upole wake ule, akauliza alikaa muda gani kabla ya kufa. Nikajidai sijasikia. Akauliza tena. Ikabidi niseme bibi aliwahi kuwaozesha wajukuu kwanza. Ukumbi ukavunjika mbavu. Seremala alicheka mpaka darubini ikamgonga kidevu, hilo angalau lilinifariji. Shangazi akanipapasa mkono akaniambia nisiogope, hata yeye alikuwa mwoga hivyohivyo mpaka leo.

Mimi, mwoga wa bundi. Mji mzima sasa unajua.

Jumatatu, 10 Machi

Sikati tamaa. Hofu iliyojengwa maisha mazima haibomolewi kwa mhadhara mmoja. Inahitaji kupakwa rangi upya.

Bundi humeza panya mzimamzima, kisha manyoya na mifupa anaitapika ikiwa imeviringana kuwa kidonge. Bwana Misitu alituonyesha vidonge hivyo Jumamosi. Kimoja kiliingia mfukoni mwangu. Asubuhi Shangazi alipokwenda kuoga nimekiweka kwenye kizingiti cha dirisha lake, mahali pa kuonekana, nikajificha ukumbini kusubiri ukelele.

Hakuna ukelele. Nikasubiri. Kimya. Nikawaza labda kazimia, nikaona vibaya, nikachungulia.

Amekaa kwenye meza YANGU. Ameshika kibano CHANGU, kile chembamba ambacho hata mke wangu haruhusiwi kukigusa. Anachambua mifupa na kuipanga juu ya kitambaa changu cha mahameli, mafuvu huku, mbavu kule. Akaniita kwa furaha, njoo mwanangu uone taya, meno yote yamo! Nikasema ni taya zuri. Lilikuwa zuri kweli, ndilo linaloniudhi. Kibano nimekichemsha.

Jumatano, 12 Machi

Panya wamefika. Hakuna aliyenieleza kwamba panya hawakai nyuma ya nyumba kumsubiri bundi kwa subira. Wameingia ndani. Wamekula sabuni. Wamekula soli ya kiatu changu cha kanisani. Wamekula mkanda wa ngozi wa saa ya Nesi, saa ambayo nilikuwa nimeshaimaliza, inatembea vizuri kabisa. Nesi kaniuliza anaivaa vipi. Nikamshauri mfukoni.

Mke wangu kauliza mitego iko wapi. Nikasema nimemwazima Seremala. Akapanda kwenye ndoo akamuuliza Seremala ng'ambo ya ua. Seremala akajibu hana mtego wa mtu, ila yeye ana swali kuhusu mifagio.

Nimesema kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 15 Machi

Darasani tumefundishwa milio. Kumbe bundi mweupe haguni kama nilivyodhani. Anapiga ukelele mkali wa nguo inayochanwa. Na akisikia mwenzake amelia kwenye eneo lake huja kuangalia ni nani huyo. Shangazi aliuliza maswali kuliko Seremala, na Seremala akanuna. Ilikuwa saa yangu nzuri kuliko zote wiki hii.

Magharibi nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Ukelele wa kwanza ulitoka vibaya. Wa pili nikaweka nguvu za kifua. Mke wangu akatoka mbio na maji ya chumvi, akijua maumivu yangu ya jino yamerudi. Seremala akaruka ua na panga, akijua mwizi. Nikasema nimekwamwa na mwiba wa samaki. Mke wangu akanikumbusha kwamba tumekula maharage.

Shangazi peke yake ndiye aliyenisifu. Kasema kama ningevuta pumzi kwa tumbo, ningemwiga bundi sawasawa.

Jumapili, 16 Machi

AMEKUJA!

Jua lilikuwa linazama. Nipo uani naokota vipande vya sabuni. Kitu cheupe kikapita juu ya kichwa changu bila sauti yoyote, kikatua kwenye sanduku, kikageuza uso kunitazama, kikaingia. Sanduku langu! Mahindi yangu! Nani alisema mimi ni mtu wa kuanza mambo tu?

Kisha akalia. Juu ya paa langu, ukelele mrefu wa kuchana shuka. Sijapata kusikia wimbo mtamu namna hiyo. Nikakimbilia jikoni, nikamshika mke wangu mkono, nikamwambia asikilize. Tukasikiliza. Na kutoka chumba cha kazi ikasikika zipu. Zipu ya begi! Ikafuata milango ya kabati, funga, fungua, funga. Anapanga mizigo! Mke wangu akataka kwenda kumtazama. Nikamzuia, nikasema mtu mzima akiamua, aachwe.

Nimetoa bisibisi zangu zote. Nimezipanga kwa ukubwa. Saa ya Hakimu nimeifuta vumbi na kuiambia kesho. Nitalala fofofo.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuwa anafunga mizigo. Alikuwa anaifungua.

Kumbe siku zote hizi nguo zake zilikuwa ndani ya begi, kwa kuwa alijihesabu mpita njia. Jana baada ya bundi kulia akazitoa zote akazitundika kabatini. Makoti yangu yapo sakafuni ukumbini. Asubuhi akamwambia mke wangu kwamba alikuwa amepanga kuondoka wiki hii. Wiki hii hii! Alikuwa ameshamwagiza mtu wa stendi amwekee kiti! Lakini sasa, kasema, ndege wa watu wanataka kutaga, yeye aondoke aende wapi?

Nilitoka nikakaa kwenye vitunguu. Mtu anapochimba kisima na kukiingia mwenyewe, angalau anapata maji.

Mke wangu akanifuata. Akakaa tutani pembeni yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuchumbiane. Akasema anajua lile sanduku si la hewa, Seremala kamwambia. Nikajiandaa. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari, wa tatu naupika. Akasema asante.

Akasema tangu Shangazi amzike mume wake alikuwa anaongea na redio tu nyumbani kwake, na ndiyo maana yeye alishindwa kumwambia aondoke. Shangazi ndiye aliyemlea. Leo kamsikia anaimba bafuni, mara ya kwanza tangu msiba. Na kumbe mimi, wakati yeye ananishuku kwa marashi ya watu, nilikuwa nahangaika, naanguka kwenye ngazi, ili tu kumtoa mama yake mlezi woga wa bundi. Akafuta machozi kwa pindo la kanga. Akasema hakujua kwamba ameolewa na mtu wa moyo namna ile. Ameolewa, alisema hivyo.

Hapo ndipo mtu mwungwana angesema ukweli. Nilivitazama vitunguu. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Mwizi aliyekutwa ndani ya nyumba akakaribishwa chai ndiye angenielewa. Nikasema si kitu, mke wangu. Ni wajibu.

Mitego nimeirudisha stoo. Haina kazi tena. Bundi ameshaanza kuwafyeka panya.

Jumatano, 30 Aprili

Sikuandika kwa muda, kwa sababu sina pa kuandikia.

Makinda wameanguliwa. Wabaya hao, sura za vizee, na kila mtu anawaona malaika. Darasa limehamia kwangu. Kila Jumatano na Jumamosi Bwana Misitu na kundi lake lote wanajazana chumba cha kazi, wamevua viatu, wananong'ona. Seremala amekalia kiti changu na kumweleza kila anayeingia kwamba sanduku ni kazi ya mkono wake. Nikasema vipimo vilikuwa vyangu. Wakanifanyia shhh.

Hata jikoni nimefukuzwa. Eti kinyundo changu kinawashtua watoto. Sasa nafanya kazi bafuni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, na mtu akitaka kuoga natoka na saa za watu kwenye sinia.

Leo Hakimu kaja. Nilimsikia tangu getini, sauti ya kutoa hukumu. Anataka saa ya baba yake leo hii, iwe nzima iwe maiti, anaipeleka kwa Fundi wa Stendi. Nikajua nimekwisha. Shangazi akatoka akamwekea kidole mdomoni. Mdomoni mwa Hakimu! Akamvua viatu, akampa darubini, akamwondoa Seremala kwenye kiti na kumkalisha yeye. Bundi akaja na panya, makinda wakafungua midomo. Hakimu akasema loo. Hakusema kingine mpaka giza likaingia.

Akaondoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi. Mlangoni kaninong'oneza kwamba saa haina haraka, nichukue muda wangu wote, yeye atakuwa anapita kila Jumatano kuiulizia. Ila nikiitengeneza, isigonge kengele. Mtu ananiletea saa ya kengele niitengeneze isilie! Mke wangu anasema sasa Hakimu ni wetu wa maisha, nishukuru. Tangu lini fundi akashukuru juu ya ndoo?

Jumamosi, 3 Mei

Nimewaza sana. Natambua sasa kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye uteuzi wa ndege.

Bwana Misitu kasema leo, kwa furaha ya mtu anayegawa peremende, kwamba bundi wakipata nyumba nzuri hawaiachi. Watataga tena na tena, miaka. Shangazi akapiga makofi bila sauti. Kesho anapanda kabichi. Kabichi!

Nikasubiri watu watawanyike. Nikamuuliza Bwana Misitu kiholela tu, kama anayeuliza mvua, kitu gani kinaweza kumhamisha bundi kwenye sanduku lake. Akahuzunika. Akasema nyuki. Nyuki wakishaliteka sanduku, bundi harudi tena. Nami nikahuzunika, nilijitahidi sana.

Nimeshaonana na muuza asali. Ni rahisi ajabu: unapaka nta ndani ya sanduku, nyuki wanakuja wenyewe. Nikamuuliza kama wana usumbufu. Akasema nyuki ukiwaheshimu wanakuheshimu. Nitasubiri makinda waruke kwanza, mimi si katili. Na mke wangu akiuliza, nitasema Shangazi anapenda asali.

Dirisha nimelipima. Kutoka kwenye sanduku hadi meza yangu ni hatua mbili tu, kwa hiyo nitawaona nyuki vizuri nikiwa nafanya kazi. Mara hii nimefikiria kila upande.